Duka Unalolipenda Linaweza Kuwa Ndilo Linalokula Faida Yako

 Leo sina somo la kupiga picha wala la kuandika posti. Nataka tuongelee duka. Yaani lile duka unalochukulia mzigo.

Kila mmoja wetu analo. Ukishuka Kariakoo miguu inakupeleka yenyewe. Hujauliza bei pengine, hujachungulia jengo la pili. Unafika, unasalimia, unapewa stuli, unaletewa maji, unachagua, unalipa, unaondoka. Ukiulizwa kwa nini unanunua pale, jibu ni "nimezoea" au "wananijua".

Mimi msimamo wangu ni huu: kuzoea duka ni gharama, na wengi wetu hatujawahi kuipigia hesabu. Sisemi uhame leo. Nasema kama miezi sita imepita hujalinganisha bei ya duka lako na maduka mengine matatu, basi hujui unauza kwa faida kiasi gani. Unakisia tu.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe liliniuma.

YALIYONIKUTA

Nauza nguo za watoto. Nimeishia form four, biashara sijasomea popote, nimejifunzia barabarani. Nilianza 2020 na mtaji wa 150,000, napiga picha kitandani kwa mama, naposti stetasi. Sasa hivi nina fremu ndogo Mbagala lakini wateja wangu wengi bado ni wa mtandaoni.

Duka langu la kwanza Kariakoo lilikuwa la mama mmoja, chini kabisa barabarani, mahali ambapo huwezi kupita usilione. Nilimpenda yule mama. Mwaka 2021 mama yangu aliugua, mtaji wote ukaishia hospitali. Nilienda pale dukani kumuaga tu, nikamwambia mama mimi biashara basi. Akaniangalia, akafungasha pisi ishirini, akasema, "Nenda kauze, utaniletea." Mali kauli, bila karatasi, bila dhamana. Bila yeye leo nisingekuwa naandika hapa.

Sasa mtu kama huyo utamuhamaje? Sikuwahi hata kufikiria. Seti ya mtoto, fulana na suruali, nilianza kuichukua kwake kwa 9,000. Ikapanda 10,500. Ikapanda 12,000. Kila ikipanda nasema ni maisha, dola imepanda, kodi imepanda. Na mimi napandisha kidogo kwa wateja wangu, faida inazidi kukonda.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma wakafunga maduka, mimi nilikaa siku zote zile na oda mkononi sina pa kwenda. Nilikuwa najua duka moja, soko moja. Hilo lilikuwa onyo la kwanza. Maduka yalipofunguliwa nikasahau.

Onyo la pili halikusahaulika. Novemba ile ile, mwalimu mmoja wa chekechea, mteja wangu wa siku nyingi, akanitafuta. Wana mahafali, wanataka seti 24 za kufanana. Nikamwambia 15,000 kila moja. Akasema sawa, naongea na wazazi. Mimi kwa kiherehere changu, hata malipo ya awali sijachukua, nikakimbia Kariakoo nikanunua zote 24. 288,000. Ndiyo karibu mtaji wangu wote wa sikukuu.

Kesho yake akanitumia skrinishoti. Ukurasa mwingine, seti ile ile, ua lile lile kifuani, 12,500. Chini kaandika: "Mdogo wangu, hii si ndiyo ile ile?"

Mimi nimenunua 12,000. Nilimwambia nakupa kwa 13,500. Akanijibu kwa upole kabisa: "Asante mdogo wangu, wazazi wamechanga kwa shida, ngoja nichukue kule." Sikuwa na la kujibu.

Zile seti 24 zote zilikuwa za saizi ya miaka minne hadi sita. Nilimaliza kuziuza Februari, nyingi kwa bei niliyonunulia. Januari mwenye fremu anataka kodi ya miezi mitatu, 240,000, sina. Nilikopa kikoba. Krismasi ile nilishinda ndani, nikiona watu wenye kurasa kama yangu wanaposti "mzigo umeisha".

Swali lililokuwa linanikera kichwani ni moja. Yule mwenzangu aliuza 12,500 na akapata faida. Alinunua wapi?

SIKU YA KUZUNGUKA BILA KUNUNUA

Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hili unaweza kulifanya wiki hii na halina gharama kubwa.

Nilichagua Jumanne asubuhi, katikati ya mwezi, siku ambayo wauzaji wana muda wa kuongea. Jumamosi au wiki ya sikukuu usijaribu, hakuna atakayekusikiliza. Nilienda na seti moja ndani ya mfuko, daftari, na nauli tu. Hela ya mzigo niliiacha nyumbani makusudi. Ukiwa na hela utanunua duka la tatu ukachoka, utasema inatosha.

Kila duka naonyesha ile seti, nauliza vitu vinne: mnayo hii au inayofanana nayo, bei ya jumla inaanzia pisi ngapi, naruhusiwa kuchagua saizi, na ikiwa na kasoro mnabadilisha? Naandika, natoka.

Nilichokikuta:

Duka la kwanza nilipelekwa na winga. Bei 11,000. Wiki iliyofuata nilirudi mwenyewe, sijulikani, nikaambiwa 10,000. Ile elfu moja ilikuwa cha juu cha winga. Simlaumu, yuko kazini, na siku una haraka au hujui mji anakusaidia kweli. Lakini ukipelekwa na winga kila siku, jua unamlipa mtu kila siku.

Duka la pili lilikuwa ghorofa ya pili, jengo la mtaa wa nyuma, ngazi nyembamba unapishana na watu wenye mabelo kichwani. 9,500, kuanzia pisi tatu, unachagua saizi. Seti ile ile. Kwenye lebo namba ile ile.

Mahali pa tatu palikuwa stoo, wao wanaingiza wenyewe. 8,000. Ila lazima uchukue pakiti nzima ya pisi kumi.

Nilikaa kwenye ngazi pale nikataka kulia. Miaka mitatu nilikuwa napita chini ya lile jengo.

KWA NINI BEI ZINATOFAUTIANA HIVYO

Wengi tunadhani mwenye bei ya juu ni mwizi. Hapana. Fremu ya chini, usoni mwa barabara, kodi yake haifanani na chumba cha ghorofani. Na fremu nyingi za Kariakoo kuna kilemba, hela unayompa anayekuachia sehemu kabla hata ya kodi yenyewe. Hiyo yote inaingia kwenye nguo. Ukinunua duka la mbele unalipia nguo na unalipia urahisi wa kuliona.

Halafu kuna mkono. Mwagizaji akimuuzia mwenye stoo, mwenye stoo akamuuzia mwenye duka, mwenye duka akakuuzia wewe, kila mmoja lazima ale. Swali lako ukifika dukani liwe: mimi hapa ni mkono wa ngapi?

USIKIMBILIE BEI NDOGO, PIGA HESABU KWANZA

Sasa hapa ndipo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea pia. Nilivyosikia 8,000 nikachanganyikiwa. Mtaji ulivyorudi nikaenda stoo nikachukua pakiti moja, 80,000.

Pakiti ilikuwa na saizi tano, mbili mbili. Wateja wangu ni wazazi wa watoto wadogo, miaka miwili hadi sita. Saizi kubwa kabisa mbili zikabaki. Moja nimempa mtoto wa dada yangu, nyingine ipo rafuni mpaka leo inanitazama. Kwa hiyo nimeuza pisi nane kwa mtaji wa 80,000. Gawanya: kila moja imenigharimu 10,000. Ile 9,500 ya ghorofani, ambapo nachagua saizi, ni rahisi kuliko 8,000 ya stoo.

Na ghorofani nako nilipigwa. Dazeni ya kwanza, 114,000, nilifika nyumbani nikakuta moja zipu yake haifungi. Nikarudi, wakaniambia mali ikishatoka haibadilishwi. 114,000 gawanya kwa 11 ni kama 10,400. Tangu siku ile nafungua kila pisi palepale, navuta zipu, naangalia mishono ya kwapani na ya katikati ya miguu, ndiyo nalipa. Wananinunia lakini wamezoea.

Ongeza na safari. Nauli, mtu wa kubeba, chakula, mimi safari moja inakula kama 8,000. Nikirudi na pisi kumi, kila pisi imebeba 800. Nikirudi na arobaini, kila pisi imebeba 200. Kwa hiyo kwenda Kariakoo kila siku kuchukua pisi tatu tatu kwa sababu "kuna bei nzuri" ni kujidanganya.

Hesabu yangu siku hizi ni hii, andika mahali:

Bei ya mzigo, jumlisha safari, gawanya kwa pisi zitakazouzika kweli.

Siyo pisi ulizonunua. Pisi zitakazouzika. Hiyo ndiyo bei yako. Ile aliyokutajia muuzaji ni mwanzo tu.

Nilipopiga hivyo, tofauti kati ya duka langu pendwa na lile la ghorofani ilikuwa 2,500 kwa kila seti, ilimradi nakagua kabla ya kulipa. Nilikuwa nauza kama seti 15 kwa wiki. Hiyo ni 37,500 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 150,000. Kodi ya fremu yangu ni 80,000 kwa mwezi. Yaani nilikuwa nalipa karibu kodi ya fremu mbili kwa ajili ya stuli na maji ya kunywa.

NJIA NYINGINE NILIZOJARIBU

Duka la ghorofani siyo njia pekee. Nitaeleza zile nilizojaribu mwenyewe, na pale zilipoishia.

1. Kununua kwa kikundi. Hii ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Tuko watatu: mimi, dada mmoja wa Temeke anayeuzia watoto wakubwa, na kaka mmoja wa Kigamboni. Tunachukua pakiti za stoo kwa 8,000, saizi kubwa anachukua dada wa Temeke, ndogo nachukua mimi, kaka anachukua za kiume. Hakuna kinachobaki rafuni. Masharti yetu ni mawili tu: hela inachangwa jioni kabla ya safari, hakuna "nitakurushia kesho", na anayekwenda anatuma picha ya risiti akiwa bado dukani. Urafiki mwingi wa biashara umefia kwenye "nitakurushia kesho".

2. Fundi wa mtaani. Hii watu wanaidharau. Kitenge cha yadi sita nikipata cha 15,000 kinatoa gauni sita za watoto wa miaka mitatu hivi. Hapo kitambaa ni 2,500 kwa gauni. Fundi wangu ananishonea kwa 4,000 nikimpa zote sita kwa pamoja, mpira na vifungo 500. Jumla 7,000. Nauza 15,000. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna mteja atakayenitumia skrinishoti ya gauni ile ile kwa bei ya chini, kwa sababu haipo kwa mtu mwingine. Ubaya wake ni fundi mwenyewe. Akikwambia Ijumaa, wewe mwambie mteja Jumatano inayofuata. Na Desemba hadi Januari mafundi wako kwenye sare za shule, usimtegemee.

3. Mtumba. Karume pale Ilala, asubuhi sana, mabelo yakifunguliwa. Nguo za watoto za mtumba nyingi bado ni nzima kwa sababu mtoto anakua haraka kuliko nguo inavyochakaa. Ila mimi sinunui belo. Belo ukilinunua hujui kilichomo ndani mpaka ulifungue, na kwa mtaji wetu huu belo moja baya linakufunga. Naokota moja moja. Ukishafika nyumbani, fua, piga pasi, ndiyo upige picha. Na mwambie mteja ukweli kwamba ni mtumba. Usimuuzie mtumba kwa jina la dukani, atajua tu, na hatarudi.

4. Kuagiza China. Kila mtu siku hizi ni mtaalamu wa kuagiza China. Mimi niliagiza mara moja, pisi thelathini, kupitia wakala wa mizigo. Bei kwenye 1688 kweli ni ndogo, mtandao wenyewe ni wa Kichina, unatumia programu ya kutafsiri. Lakini mzigo wa meli kwangu ulichukua wiki saba. Wiki saba hela yangu imelala baharini na mimi nina fremu ya kulipia. Kwa ndege ni haraka lakini unapimwa kwa kilo, na suruali za jinzi ni nzito. Halafu saizi za watoto za kule zinaandikwa kwa sentimita za urefu wa mtoto, 90, 100, 110, 120. Mimi nilimwambia mteja 100 ni mtoto wa mwaka mmoja, ikarudi. Siku hizi namuuliza mzazi mtoto ana urefu gani, siyo ana miaka mingapi. Ushauri wangu: kama hela ya kuagiza ndiyo hela hiyo hiyo ya kula, bado. Subiri uwe na mtaji unaoweza kulala miezi miwili na usiuhitaji.

5. Soko la karibu yako. Ninyi mlioko mikoani, siyo lazima kila kitu kitoke Kariakoo. Mwanza kuna Makoroboi, Mbeya kuna Mwanjelwa, Moshi kuna Memorial kwa mitumba. Wenzetu wa Nairobi wana Gikomba na Eastleigh. Wakati mwingine ukijumlisha gharama ya basi na kifurushi kilichopotea, duka la mkoani lenye bei ya juu kidogo linakulipa zaidi. Na ukiagiza Kariakoo kwa simu, omba video ya mzigo wako wenyewe ukifungashwa, siyo picha za kwenye ukurasa wao.

NILIVYORUDI KWA MAMA

Hii sehemu nilitaka kuiruka lakini bila hii stori haijakamilika.

Miezi miwili sikwenda kwa yule mama. Nilikuwa napita njia nyingine asinione. Fikiria, mtu aliyenipa mzigo bila hata senti, nazunguka mtaa mzima kumkwepa. Nilikuwa naona aibu kama mwizi.

Mwisho dada yangu akaniambia nenda kaongee naye, huyo ni mzazi. Nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea mwanangu, nikajua umeolewa."

Nikamweleza yote. Mwalimu, skrinishoti, kikoba, mpaka lile duka la ghorofani na bei yao. Nilidhani atakasirika. Alicheka. Akaniambia kitu ambacho sijakisahau:

"Wewe bei yako ni ya mali kauli. Mtu ninayempa mzigo akalipe baadaye, namuwekea juu kidogo, maana wengine hawarudi. Wewe tangu umeanza kuja na hela mkononi hujawahi kuniuliza bei ya taslimu. Unalipa unaondoka. Mimi nikwambie nini?"

Jamani. Karibu miaka miwili nilikuwa nalipa taslimu kwa bei ya mkopo. Sababu ni kwamba niliona kuuliza bei ni kumkosea heshima mtu aliyenisaidia.

Akanipa seti kwa 10,000 kuanzia dazeni, taslimu, na kasoro anabadilisha. Siyo 9,500 ya ghorofani, lakini kwake sipotezi pisi na sipandi ngazi. Na vesti, soksi na chupi za watoto, hakuna aliyemfikia mpaka leo. Kwa hiyo mimi na mama bado tupo. Seti za saizi maalumu nachukua ghorofani, pakiti za stoo na kikundi, gauni kwa fundi, vitu vidogo vyote kwa mama.

Ndiyo maana nawaambia watu, kabla hujahama duka, muulize mwenye duka wako maswali haya: bei ya taslimu ni ngapi? Nikichukua dazeni mbili? Nikija Jumanne badala ya Jumamosi? Njia mbadala ya kwanza inaweza kuwa duka lile lile kwa bei ambayo hukuwahi kuiuliza.

WATAKAOBISHA

Najua kuna watakaosema, "Mimi duka langu linaniamini, siwezi kulisaliti kwa shilingi elfu mbili." Nakuelewa kabisa, nilikuwa hapo. Lakini jiulize ukifilisika huyo mwenye duka atapata nini? Mteja aliyekufa kibiashara hana faida kwa mtu. Mama yule anauza zaidi kwangu leo, nikiwa nimesimama, kuliko nilivyokuwa namlipa 12,000 huku nakopa kikoba. Deni la fadhila linalipwa kwa heshima na kwa uaminifu. Halilipwi kwa kufunga macho kwenye bei.

Wengine watasema, "Kuzunguka ni kupoteza muda." Siku moja kila baada ya miezi mitatu. Kwangu ile siku moja ilileta 150,000 kwa mwezi. Nitajie posti yako iliyokuletea hiyo.

Na kuna sababu nyingine kubwa kuliko bei. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Novemba 2024 jengo liliporomoka pale Kariakoo, watu wakapoteza maisha, na wengine mali yao yote ikabaki chini ya kifusi. Juni 2024 maduka yakafungwa tena kwa mgomo. Hakuna kati yetu anayeweza kuzuia hayo. Lakini ule mgomo wa Juni mimi niliendelea kuuza gauni za kitenge na nguo za Karume nilizokuwa nazo ndani. Mwaka mmoja nyuma yake, mgomo kama huo ulinikalisha chini kabisa. Tofauti ilikuwa idadi ya milango ninayoijua.

KABLA HUJAFUNGA SIMU

Fanya hivi wiki hii. Chukua bidhaa yako moja tu, ile inayotoka sana. Andika bei unayonunulia. Chagua siku moja ya katikati ya wiki, nenda bila hela ya mzigo, uliza maduka matano, mawili yawe ghorofani. Ukirudi piga ile hesabu: mzigo na safari, gawanya kwa zitakazouzika. Halafu rudi kwenye duka lako unalolipenda ukiwa na namba mkononi, salimia kwa heshima, ongea. Ukipewa bei, baki. Ukikosa, punguza, usikate kabisa. Na popote utakaponunua dai risiti ya EFD, ikusaidie wewe barabarani na ikusaidie siku ya kubadilisha mzigo.

Yule mwalimu wa chekechea, mwaka uliofuata nilimtafuta mwenyewe. Nilimpa seti 26 kwa 12,000, malipo nusu kabla, tumenunua na kikundi kwa 8,000. Aliponilipa nusu iliyobaki aliniandikia, "Mdogo wangu, sasa umekua."

Wewe duka lako pendwa umelizoea tangu lini, na mara ya mwisho kuuliza bei pengine ilikuwa lini? Tuandikie hapo chini, na kama una jengo lenye bei nzuri usiwe mchoyo, tutajie bidhaa na mtaa ili na mwenzako apate.